Kipimo Kilisoma Ngapi

Novosibirsk, 4 Machi 1979

Mdogo wangu Kesha,

Huku tuko wazima, baridi tu ndiyo haijachoka nasi. Macho ya mama yanaendeleaje? Mwambie kabichi ya chumvi safari hii imekubali, hata majirani wakinusa harufu kwenye ngazi wanajifanya wamekuja kuazima kiberiti. Msomee barua hii yote. Usiruke maneno kama ulivyokuwa ukiruka mistari shuleni. Hawezi tena kusoma mwenyewe, na uvivu wako naujua.

Sasa yangu. Wamenitoa kwenye mduara, mashine yetu ya kukimbizia chembe. Ile barua ya kumtetea mwenzetu Yefim aliyekamatwa, tuliyotia saini, imefika ilikokusudiwa kufika, na kila mmoja wetu amepata fungu lake. Yefim mwenyewe bado yuko ndani. Mimi nimepewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, niwafundishe kupima kijiwe kinavyoning'inia kwenye uzi. Miaka kumi na mitatu nimekaa na sumaku zile, leo mlinzi wa mlangoni anajifanya hanijui. Nimeumia, Kesha, sitakuficha.

Mkurugenzi wetu, Platon Ignatyevich, aliniita ofisini, akafungulia bomba la beseni ili maji yapige kelele na anayesikiliza ukutani asisikie, ndipo akasema: "Rimma Andreyevna, niletee jambo lako moja lililofanikiwa, hata kama limefanikiwa kwa watu wengine. Nikiwa nalo, nitakuwa na mdomo wa kuwajibu." Akafunga bomba, akaniuliza kwa sauti kama nimepata viatu vya baridi.

Jambo hilo unalo wewe. Ile sumaku ndogo niliyokuchorea Mwaka Mpya juu ya meza ya mama, ya kuzigeuza vichwa chini zile chembe ninazoziita pia. Mduara wetu hapa ni wa elektroni, haunifai. Wenu ni wa protoni. Ifunge, ijaribu, uniandikie matokeo. Ikikubali narudi kazini. Isipokubali nitazeeka na kijiwe na uzi.

Mbusu mama.
Dada yako, Rimma


Sosnogorye, 29 Machi 1979

Dada Rimma mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na mama nimemsomea yote, isipokuwa habari za Yefim, maana angelia bure. Macho ni vilevile. Daktari anasema mtoto wa jicho hajakomaa; mama anamjibu kwamba wa kwake mwenyewe ana miaka thelathini na mitatu na hajakomaa pia. Ameniagiza nikwambie uvae soksi mbili.

Pole sana, dada. Lakini usiwe na shaka, uko mikononi mwa nduguyo. Koili zimeshasukwa, fundi Terenty amezifunga vizuri mpaka anazipapasa kama paka. Mkubwa wangu Zhavoronkov amekubali tupewe mkondo wa protoni mwezi wa tano. Nilimwambia wazi kwamba ni kazi yako. Akasema "aha." Kwake hiyo ni hotuba.

Ombi moja tu: barua zako zipitie nyumbani, na ndani ya bahasha. Hapa kazini barua zinatiwa kwenye visanduku vya ukumbini kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, na mimi na Zhavoronkov na wachapaji wawili wote ni wa "Zh". Mwezi uliopita shangazi alinitumia kadi ya salamu kuhusu majipu yangu. Mpaka nafika ukumbini, idara nzima ilikuwa inaniuliza naketi vipi.

Niandikie tena ule mwendo wa kuvuka. Mezani kwa mama ulichora juu ya kitambaa, naye amekifua.

Wako, Kesha


Novosibirsk, 15 Aprili 1979

Kesha, mwenye majipu,

Nimecheka peke yangu jikoni, jambo ambalo sijalifanya tangu Februari. Theluji imeanza kuwa tope. Mwambie mama soksi ni mbili.

Haya, sikiliza, na safari hii usifue. Kila protoni ni pia. Unaikumbuka pia yako ya bati, ile nyekundu uliyokuwa ukilala nayo? Sasa fikiria pia nyingi kuliko nyota, zote zinazunguka vichwa juu, na zote zinakimbia kwenye mduara. Kinachotakiwa ni kuzigeuza vichwa chini kwa pamoja, bila kuutoa mkondo nje na bila kuziangusha. Anayeweza hilo ndiye anayeushika mkondo. Wengine wote wanauomba tu.

Sumaku yangu inazitikisa. Unaipandisha kasi ya mtikiso taratibu mpaka ilingane na yumbayumba ya pia zenyewe, kisha unaivusha. Hapo palipolingana ndipo kizingiti. Ukikivuka haraka sana, pia hazina habari, zinabaki vichwa juu. Ukikivuka polepole sana, zinakufuata zote, zinageuka zima zima. Ila ukikivuka kwa mwendo wa kati umekwisha: nyingine zitageuka, nyingine zitalala ubavu, na hakuna dawa ya kuziinua. Kwa hiyo polepole, sekunde thelathini kamili, hata kama Zhavoronkov anapiga miayo nyuma yako.

Kusoma unajua: kihesabio cha kushoto kikihesabu zaidi ya cha kulia, vichwa viko juu. Vikilingana, kipimo ni sifuri, mmezimwaga. Cha kulia kikizidi, kipimo kinashuka chini ya sifuri, na hapo kimbia posta uagize simu. Nipigie hata nikiwa darasani.

Dada yako


Novosibirsk, 2 Juni 1979

Kesha,

Mama mzima? Wewe mzima? Hapa maua yameshatoka, na wanafunzi wangu wanapima vijiwe huku wakichungulia dirishani, nami nachungulia pamoja nao.

Mwezi wa tano umepita. Kila simu ikilia kwa jirani natoka kwenye ngazi na aproni. Jirani ameanza kunihurumia, na huruma yake siiwezi. Platon Ignatyevich amekutana nami mara mbili kwenye ujia. Mara zote ameinua nyusi, nami nimetikisa kichwa.

Kama mkondo umeahirishwa sema umeahirishwa. Kama koili zimeungua sema zimeungua. Usininyamazie tu.

Rimma


Sosnogorye, 20 Juni 1979

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Mama alikuwa na kikohozi, kisha ikaja kazi ya kupanda viazi vya idara, kisha mvua. Sasa kikohozi kimeisha. Uyoga umeanza mapema mwaka huu. Mama haoni lakini anaunusa kabla sijauona, ananielekeza kama bunduki: kushoto, kushoto, hapo, chini ya mti, wewe kipofu. Tutakukaushia mfuko mzima.

Kuhusu lile jambo. Dada, sijui niseme vipi. Tulijaribu, na halikukubali. Pia zako zimemwagika. Usijilaumu, hesabu ilikuwa nzuri, pengine mduara wetu umechoka. Tulihangaika kwelikweli, usidhani nilifanya kwa mkono wa kushoto. Siku mbili nzima tulibishana na Terenty, Zhavoronkov akishikilia kwamba fundi amebadilisha nyaya za vihesabio, cha kulia amekifunga mahali pa cha kushoto. Maskini, ikabidi afungue kila kitu mbele yetu, waya kwa waya. Zilikuwa sahihi. Mpaka leo hasemi nasi.

Basi ndiyo hivyo. Mwambie Platon Ignatyevich kwa namna utakayoona. Kufundisha nako ni kazi ya heshima, na wewe umezaliwa mwalimu. Mimi ndiye ushahidi.

Mama anasema ule vizuri.
Kesha


Novosibirsk, 8 Julai 1979

Kesha,

Ahsante kwa habari za uyoga. Mama apumzike, asiende msituni kukiwa na umande.

Habari ya sumaku nimemwambia Platon Ignatyevich. Hakufungua bomba. Alisema tu "pole," na kwamba mwezi wa tisa nafasi yangu kwenye mduara anapewa kijana kutoka Tomsk. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Nilijiona mjinga, mtu aliyewatesa watu wa mbali kwa ndoto yake.

Nina swali moja tu. Baada ya kuvuka, kipimo kilisoma ngapi?

Rimma


Sosnogorye, 30 Agosti 1979

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Viazi vimetoka vikubwa. Mama anajifundisha kufuma kwa kupapasa, na soksi moja tayari, yenye vidole vya kutosha watu wawili. Anauliza mbona barua zako zimekuwa fupi. Nimemwambia una shughuli.

Nina maombi mawili madogo. La kwanza, lile sanduku la ngozi la baba liko kwako juu ya kabati. Kama hulitumii nitumie kwa treni. Mama anataka kuwekea vitambaa vyake visiliwe na nondo.

La pili ni udadisi tu. Zhavoronkov anataka tujaribu tena, maana mwezi wa kumi tunapata wageni, na wageni lazima waonyeshwe kitu. Ila ameamuru tuvuke haraka mara tano kuliko mwanzo ili tuokoe umeme. Na sasa kila tukivuka kipimo kinakaa sifuri. Kimeng'ang'ania hapo kama kupe. Je, wewe ungefanya nini? Nijibu upesi, dada, kwa ajili ya mama. Nikiharibikiwa mimi, anaharibikiwa yeye.

Nduguyo, Kesha


Novosibirsk, 20 Septemba 1979

Innokenty (leo kwa jina lako zima),

Namsalimu mama. Soksi ya watu wawili nitaivaa kwa furaha. Barua hii ni ya mama pia, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiruka hata neno, nitajua, kama nilivyojua mengine.

Nilikuuliza kipimo kilisoma ngapi, ukanijibu viazi.

Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma vihesabio, na wewe ukaniandikia habari za nyaya. Hivi ulipoziandika ulikuwa umelala? Pia zikimwagika kipimo ni sifuri, kushoto sawa na kulia. Na vikiwa sawa, nani duniani atamshuku fundi kwamba amebadilisha cha kushoto na cha kulia? Ukibadilisha sawa kwa sawa unapata sawa. Mtu humshuku fundi kwa jambo moja tu: pale cha kulia kinapozidi, na yeye hakutarajia. Siku mbili mlizifungua nyaya za Terenty kwa sababu kipimo kilikuwa kimeshuka chini ya sifuri. Nyaya zikawa sahihi. Basi pia zilikuwa zimegeuka. Zote. Mara ya kwanza, kwa mwendo wangu, na sumaku yangu.

Barua yako ya Juni niliisoma mara nyingi kabla ya kuona hilo. Sikuwa natafuta. Nilikuwa naisoma ili nisikie sauti yako, nipoe. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote, kwamba ulikuwa unanidanganya na mimi nakutumia kama faraja.

Na sasa "kila tukivuka kipimo kinakaa sifuri." Sasa, eti? Mwezi wa tano kilikaa wapi?

Halafu sanduku. Mama hajawahi kuweka vitambaa kwenye sanduku tangu nimjue. Anaviweka chini ya godoro. Sanduku la baba hutolewa mtu akisafiri mbali. Nikamuuliza mtu anayesoma orodha za mikutano. Geneva, mwezi wa kumi na moja: Zhavoronkov na Zhilin, njia ya kugeuza mkondo wa protoni. Zhilin ni mmoja tu, wewe. Mimi nilikuwa Zhilina, nilipoolewa nikawa Gurvich, basi hata kwa bahati mbaya mtu hawezi kudhani ni mimi.

Najua ulivyoambiwa. Waliokutisha wewe ndio walionitisha mimi. Walikwambia jina la mtu aliyemtetea Yefim haliwezi kwenda Geneva. Ungeniambia hivyo, ningekubali, nakuapia. Ningesema andika lako, nenda, uniletee chokoleti. Mimi nilihitaji neno moja tu, "imegeuka," nilipeleke chini ya lile bomba. Hukuninyima jina, Kesha. Ulininyima kazi yangu, ukaniacha nijione mjinga kiangazi kizima, ili usisumbuliwe na kelele zangu kabla ya safari. Unakumbuka kile kizingiti? Ungenipita haraka, usiniguse, ningebaki nilivyo. Ungesimama polepole na mimi, ukaniambia kila kitu, tungegeuka pamoja tukabaki wazima. Wewe ukachagua mwendo wa kati.

Sasa sikiliza nilichofanya, usije ukakisikia kwa wengine. Barua yako ya Juni nimempelekea Platon Ignatyevich. Sikumwambia lolote, niliweka kidole kwenye mstari wa nyaya. Akasoma. Akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa, halafu hakucheka tena. Akasema, "Huyu ni nduguyo wa damu?" Nikasema ndiyo. Jumatatu nimerudi kwenye mduara. Kijana wa Tomsk ananibebea zana, ni mpole.

Na swali lako, nikiwa dada yako, siwezi kukuacha ufe njaa na mama. Jibu nimelituma. Ila nimelituma kazini kwako, kwa kadi, bila bahasha, sanduku la "Zh". Nimeandika hivi, kwa herufi kubwa ili wachapaji wasiumize macho:

"Kesha, hongera kwa mafanikio ya Mei. Sumaku yangu ilizigeuza zile pia kwa sababu mlivuka kwa sekunde thelathini, kama nilivyokuandikia Aprili. Sasa mnavuka kwa mwendo wa kati, ndiyo maana mnapata sifuri. Rudini sekunde thelathini. Umeme wa kuokoa mtaupata kwa kuzima taa za ukumbini. Mwombeni radhi Terenty. Rimma Gurvich, zamani Zhilina."

Sanduku la baba limeondoka na treni ya jana. Safari njema.

Rimma


Sosnogorye, 14 Oktoba 1979

Dada,

Sote wazima wa mwili.

Kadi ilifika kabla ya barua. Nilipoingia ukumbini wachapaji waliangalia viatu vyao. Zhavoronkov alikuwa ameishika. Akasema "aha," akaitia mfukoni, na jioni tukavuka kwa sekunde thelathini. Zikageuka. Tukarudia mbele ya wageni, zikageuka. Mgeni mmoja aliuliza njia hii ni ya nani, na kabla mkubwa hajafungua mdomo Terenty akajibu kutoka nyuma ya rafu: "Ya dada wa huyu." Kwa hiyo Geneva haendi mtu. Karatasi yetu ya mkutano imerudishwa, wanasema itaangaliwa upya, na mimi nimehamishiwa kwenye pampu.

Barua nilimsomea mama. Sikuruka. Nilipofika kwenye kumwomba radhi Terenty aliniomba nisimame kidogo, kisha niendelee. Mwisho akaipapasa ile soksi. Akaniuliza, "Miezi yote hii ulikuwa ukinisomea barua za mwanangu nusu nusu?" Nikasema ndiyo. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.

Sanduku la baba limefika salama. Mama amelipakia nguo zake, na vitambaa kutoka chini ya godoro, na mfuko wako wa uyoga. Anafika kwako Jumanne, tarehe thelathini, behewa la saba. Amekataa nimsindikize, anakuja na bibi mmoja jirani aendaye Omsk, na kutoka hapo amesema ataomba macho ya watu. Mpokee mapema, jukwaa lina barafu.

Kabla hajafunga sanduku alisema, "Dada yako alikuuliza swali moja tu mwezi wa saba. Mjibu." Basi najibu.

Kilisoma hasi sabini na moja kwa mia. Wa kwanza kukiona nilikuwa mimi. Nilikimbia posta, kama ulivyosema, nikaagiza simu, nikakaa kwenye benchi kusubiri, na pale kwenye benchi Zhavoronkov akanikuta, akaniambia maneno mawili juu ya Geneva, akaondoka. Kisha karani wa dirisha la simu akaita: "Novosibirsk, kibanda cha tatu." Akaita tena. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, dada. Sikuinuka.

Kesha